Matairi ya Majira Yote

Gari lenyewe nililinunua kwa mgeni mmoja, mtaalamu wa mkonge, aliyekuwa anamaliza mkataba wake na kurudi kwao. Lilikuwa gari la Kijapani la michezo, viti viwili, jekundu lililopauka upande wa boneti, na lilikaa chini kiasi kwamba ukisimama kando yake unaweza kuweka kikombe cha chai juu ya paa. Halikuwa jipya. Lilikuwa na umri wa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Lakini injini ilikuwa nzima, na siku nilipolijaribu kwenye barabara za Raskazone, nilisikia ndani yangu kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu niolewe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila asubuhi nilitoka nalo nyumbani Nguvumali kwenda shuleni Raskazone, nikipenya kati ya bajaji na bodaboda, nikiyapanda matuta mshazari kama kaa ili tumbo la gari lisikwaruze. Kila mtu alikuwa na la kusema. Walimu wenzangu waliniuliza mboga naweka wapi. Jirani mmoja alisema lile ni gari la watu wasio na watoto, akacheka. Sisi hatukuwa na watoto, na sikuweza kujua kama alikuwa analisema gari au anatusema sisi.

Mume wangu alikuwa wakala wa forodha bandarini. Kwao ni watu wenye asili ya Oman, wafanyabiashara, wenye minazi na nyumba za zamani. Mimi ni binti wa mkulima wa ufuta kutoka Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, na hilo sikusahaulishwa hata siku moja, ingawa halikusemwa kwa ukali. Yeye alikuwa na pikapu yake ndefu ya milango minne. Siku ya kwanza nilipoleta gari langu nyumbani alicheka. Baadaye aliacha kucheka. Aliona watu barabarani wanaliangalia, kisha wanamwangalia anayeteremka.

Matairi niliyoyakuta kwenye gari yalikuwa yameisha. Fundi wa pancha alinionyesha: zile kashata, meno ya mpira yanayoshika barabara, zilikuwa zimebaki alama tu. Basi nikaanza kutafuta matairi, na nilitafuta kama ninavyotayarisha somo. Wiki tatu. Nilikuwa na daftari. Niliandika siku ngapi kwa wiki natembea kwenye lami, mara ngapi kwa mwezi nakwenda Mwera kumwona baba, wapi kuna tope, wapi maji hutuama. Gari lile ni jepesi na linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Gari la namna hiyo, lami ikilowa, nyuma ndiko kunakoponyoka kwanza. Nilikuwa nawafundisha watoto kwamba tairi linaigusa barabara kwa sehemu isiyozidi kiganja cha mkono. Viganja vinne, basi, ndivyo vinavyokushika duniani. Nilikuwa nachora ubaoni maji yakiingia chini ya tairi na kulinyanyua, na mishale ya nguvu juu na chini, na watoto wakinakili.

Duka nililolichagua lilikuwa la mama mmoja mjane, mwenye baibui na miwani, aliyeachiwa biashara na marehemu mumewe na kuiendesha vizuri kuliko marehemu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja na saizi au umekuja na gari?"

"Nimekuja na vyote viwili."

Alitoka nje, akakunja baibui lake, akachuchumaa, akaingiza ukucha kwenye tairi la nyuma. "Haya yamebaki jina tu," akasema. "Unataka nini?"

Nikamwambia nataka tairi linaloshika kama gari la michezo linavyotaka kushikwa, lakini lisiogope masika. Na lisichakae baada ya mwaka.

Alinipeleka ndani. Akanionyesha la kwanza. "Hili la kiangazi. Laini. Likikutana na lami ya moto linashika kama ulimbo, na likiwa jipya hata mvua halina neno. Lakini laini ni laini, mwalimu. Litaisha upesi, na likifika kwenye tope la huko kwenu litageuka sabuni." Akalisukuma pembeni, akavuta jingine. "Hili la majira yote. Si la teksi hili, ni la mwendo, ona ukuta wake ulivyo mgumu. Tia kidole hapa. Mifereji minne, mirefu, maji yanapita. Na hii mikato midogo midogo inakata maji mengine. Kwenye lami kavu litakupunguzia kidogo. Hutashinda mashindano."

"Sishindani na mtu."

"Basi."

Akanionyesha herufi mbili ubavuni mwa tairi, akanieleza maana yake ni matope na theluji.

"Theluji Tanga, mama?"

"Theluji achana nayo. Matope je?"

Tulicheka wote wawili. Akanifundisha pia kusoma tarakimu nne zilizochapwa ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa umekaa tu. Saizi yangu hakuwa nayo. Alisema itatoka Dar es Salaam kwa lori, na akanitajia siku, Jumatano ya wiki ya pili. Akaomba namba ya simu. Nikampa yangu. Halafu, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikamwambia: "Usiponipata nitakuwa darasani. Mpigie mume wangu." Nikamwandikia na namba yake.

Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba, vuli inakwisha. Jumatano ile ikapita, sikusikia kitu. Jumamosi mume wangu akasema analipeleka gari langu kuoshwa, na nikafurahi, maana hakuwa na kawaida hiyo. Alirudi adhuhuri na rafiki zake wawili wa barazani wakimfuata na pikapu. Niliona kutoka dirishani kwamba gari limebadilika. Lilikuwa limekaa chini zaidi. Matairi yalikuwa mapana, meusi, yamepakwa mafuta yanang'aa.

"Yale yako hayaji," akasema nilipotoka. "Yule mama kanipigia. Kasema Dar yamekwisha, hajui lini. Basi nikakuhangaikia."

Niliinama. Yalikuwa matairi ya mtumba kutoka Japani, ya mashindano. Uso wake ulikuwa karibu mtupu: mifereji miwili myembamba, na mistari michache ya kina cha kucha. Nikatafuta zile tarakimu nne. Yalitengenezwa mimi nikiwa bado chuoni.

"Haya hayana njia ya maji," nikasema.

"Njia ya maji ya nini? Hii mashua?"

Rafiki zake wakacheka.

"Masika yakija..."

"Masika yakija nenda polepole. Weye kila kitu lazima ukifundishe."

Mmoja wa rafiki zake alizunguka gari, akapiga boneti kwa kiganja, akasema, "Sasa hili limekuwa gari." Mume wangu akatabasamu, na katika tabasamu lile niliona jinsi alivyokuwa anahitaji lisemwe. Wote watatu wakanitazama. Nikasema, "Ahsante."

Nimewahi kusema maneno mengi ya kujutia. Hakuna ninalolikumbuka mara nyingi kuliko hilo.

Jioni ile nilimweleza mama mkwe, nikidhani mwanamke mwenzangu atanielewa. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Mwanamume akikupa kitu, pokea," akasema. "Wengine hawapewi hata sabuni."

Hasira yangu niliitupa kwa yule mama mwenye duka. Nilimwona mtu asiyetimiza neno lake: amenitajia siku, ameshindwa, na hata kunipigia mimi mwenyewe hakuona haja. Niliwaambia walimu wawili ofisini wasimtegemee. Nilipopita dukani kwake niliangalia upande wa pili. Siku moja aliniona, akanipungia mkono, akapiga hatua mbili kuelekea barabarani. Nikajifanya nasoma kioo cha pembeni, nikaongeza mwendo.

Na lazima niseme kweli. Wakati wa kaskazi, lami ikiwa kavu na moto, yale matairi yalikuwa matamu. Gari lilikata kona kama linavutwa kwa uzi. Kuna siku nilizunguka Raskazone mara mbili bila sababu kabla ya kwenda nyumbani. Nilijiambia huenda yeye alikuwa anajua na mimi ndiye mbishi. Nilijiambia masika bado. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Mvua za kwanza zilinikuta natoka shuleni. Nilikuwa nakwenda mwendo wa baiskeli, nikakata kona kuingia barabara kubwa, na nyuma ya gari ikaondoka, taratibu kabisa, kama mtu anayenyanyuka mkekani. Nilisimama nimeangalia nilikotoka. Mwendesha bajaji mmoja alinipigia makofi. Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu. Akasema ni upepo, matairi yamejazwa upepo mwingi, yapunguzwe. Niliyapunguza. Nilianza kuulizia matairi mengine kwa siri, kwenye duka jingine, na saizi yangu hawakuwa nayo. Kwa mama yule sikurudi. Kiburi changu kilinizuia, na kilikuwa kiburi cha bure kama nitakavyoeleza.

Baba alikuwa anaumwa kifua tangu mfungo. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyenisomesha kwa ufuta na nazi, na ambaye hakuwahi kuniuliza kwa nini nimenunua gari la viti viwili. Alipanda mara moja tu, na kanzu yake, magoti karibu na kidevu, akasema ni zuri lakini linahitaji mtu aliyekunjika. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyekuwa anamuuguza huko Mwera. Alhamisi moja asubuhi, nikiwa navaa kwenda shule na mvua inanyesha tangu usiku, akanipigia.

"Dada, baba anakuulizia tangu alfajiri."

"Hali yake?"

"Njoo leo. Usingoje Jumamosi."

Mume wangu alikuwa mezani, anakunywa chai. Nikamwambia. Akasema inna lillahi, kisha akajirudi, akasema Mungu atamponya. Nikamwomba pikapu.

"Leo nina kontena linatoka. Nitakwenda bandarini na nini?"

"Chukua bajaji. Leo tu."

"Mimi? Niteremke na bajaji mbele ya wateja?" Aliweka kikombe chini. "Si una gari lako? Na matairi nimekununulia."

Ningeweza kupanda basi. Nililifikiria. Lakini basi lingeondoka likijaa, na mvua ile lingejaa saa ngapi? Nilichukua ufunguo wangu.

Sikukimbia. Nasema hili kwa sababu baadaye lilisemwa vingine. Mpaka Kigombe nilikuwa nakwenda taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani, wenye mabasi wakinipita na kunirushia maji. Baada ya Kigombe mvua ikapungua kidogo, barabara ikanyooka, nikaongeza hadi sitini. Mbele kulikuwa na bonde dogo na kona nyepesi, mashamba ya mkonge pande zote mbili, na maji yametanda juu ya lami, rangi ileile ya lami. Niliingia ndani yake nikiwa nimenyoosha. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu, mwepesi kama wa gari la kuchezea. Sauti ya barabara ikakatika. Nikajua kinachotokea kabla hakijamaliza kutokea, kwa sababu nilikuwa nimekichora ubaoni miaka tisa.

Gari lilizunguka mara mbili. Niliona mkonge, barabara, mkonge, barabara. Kisha likaingia mtaroni kwa nyuma, likasimama limeinua pua. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Simu ilikuwa imeangukia chini ya kiti, ndani ya maji yaliyoanza kuingia.

Aliyenifikia kwanza ni mwanamke mmoja mfanyakazi wa mkonge, mwenye mabuti ya mpira na kanga mabegani. Nyuma yake walikuja wenzake watatu. Kwa lafudhi yake nilijua wazazi wake walishuka kutoka milimani kuja kukata mkonge.

"Dada, pole. Umeumia wapi?"

"Nataka kufika Mwera."

"Na mkono huo?"

"Baba yangu anakufa."

Alivua kanga yake, akaifunga shingoni kwangu, akaulaza mkono wangu ndani yake kama mtu anayelaza mtoto. Wenzake wakasema watalilinda gari. Tulisimama barabarani kwenye mvua. Bodaboda wa kwanza alinitazama akakataa. Wa pili akakubali. Yule mwanamke akanishika bega akasema, "Bwana Yesu akutangulie," nami nikaitikia amina. Kanga yake ninayo mpaka leo. Nilirudi mara mbili kuitafuta sura yake na sikuipata.

Kila shimo kati ya pale na Pangani mjini nalijua kwa mfupa. Tulipofika kivukoni, pantoni lilikuwa ng'ambo na haliji. Mto ulikuwa umejaa, wa kahawia, unabeba magogo, na waendeshaji walisema hawavuki mpaka yapite. Simu yangu imekufa maji. Namba ya mdogo wangu sikuijua kwa kichwa. Ya mume wangu niliijua. Sikuipiga. Nilikaa kwenye benchi la mbao zaidi ya saa mbili, nikiangalia upande wa pili, na watu wakinipa pole na kunishauri niende hospitali, na mimi nikiwajibu nitakwenda.

Nilifika Mwera baada ya alasiri. Kwenye njia ya kuelekea kwetu nilikutana na wanaume wanarudi, majembe mabegani, kanzu zimekunjwa, tope mpaka magotini. Waliponiona walisimama pembeni kunipisha, kama unavyompisha mtu mwenye mzigo. Mdogo wangu alikuwa wa mwisho.

"Lini?" nikamuuliza.

"Saa sita, dada."

"Na mmeshamzika."

"Tulikupigia. Tulipiga mpaka simu ikaisha moto." Alianza kulia, mtu mzima, majembe mawili mkononi. "Tulisubiri. Lakini kaburi lilikuwa linajaa maji. Tunachota, linajaa. Wazee wakasema haiwezekani."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Mkono mmoja haukutosha kufanya lolote.

Ndani, kitanda cha baba kilikuwa kimebaki kamba tupu, godoro limeshatolewa nje. Shangazi, dada yake baba, alinivua nguo zilizolowa, akanivisha zake. Akanifunga mkono kwa vipande viwili vya ubao. Ndipo akaniambia, na najua hakukusudia kuniumiza, kwamba baba tangu asubuhi alikuwa anasikiliza. Kila pikipiki ikipita anauliza, "Siyo gari la mwanangu hilo?" Alikuwa analijua kwa sauti. Wakamwambia siyo, bado, yuko njiani. Mara ya mwisho alipouliza hakungoja jibu.

Kesho yake mume wangu, aliyepigiwa simu na mdogo wangu, alikuja na pikapu, na gunia la mchele, na kofia nyeupe. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, sisi wanawake ndani. Kati yetu kulikuwa na pazia la kanga. Nilimsikia akipokea pole. Kisha nikamsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayestahili kuhurumiwa:

"Mimi nilimwambia asikimbize lile gari. Lakini mwanamke ukimwachia gari la mbio, utafanya nini?"

Mtu akajibu, "Ndiyo kadari hiyo."

Nilinyanyuka. Shangazi alinishika nguo, nikajitoa. Nilifungua pazia nikasimama mbele ya wanaume wote, kichwa nimefunika, mkono kwenye mbao.

"Sikuwa nakimbia," nikasema. "Na matairi uliyachagua wewe."

Nilisikia mvua juu ya turubai. Mume wangu aliangalia chini, si kwa aibu, bali kama mtu anayestahimili jambo mbele ya watu. Baba yangu mdogo akakohoa. "Mwanangu," akasema kwa upole, "msibani hapasemwi hayo. Ingia ndani."

Nikaingia ndani.

Nilikaa na plasta wiki sita. Gari lilivutwa mpaka gereji mjini, likanyooshwa, na fundi akaniambia kilichobaki ni matairi, maana yale ya nyuma yalichanika mtaroni. Nikajua sasa lazima nirudi kule. Nilitembea kwa miguu mpaka dukani, nimeandaa maneno ya mtu aliyekosewa.

Mama mwenye duka aliniangalia mkono, akaniambia pole ya mkono na pole ya baba. Halafu akasema, "Mwalimu, nilidhani tumegombana."

"Nilidhani hivyo mimi. Ulisema Dar yamekwisha."

"Nani alisema?"

"Ulimwambia mume wangu."

Alivua miwani. "Matairi yako yalifika Jumatano, siku ileile niliyokwambia. Nilikupigia, simu yako ilikuwa imezimwa. Nikampigia mumeo kama ulivyoniagiza. Akasema umeghairi, unataka ya mashindano. Nikamwambia, yule mwalimu? Yule aliyekuja na daftari? Akasema ndiyo, yeye." Akafuta miwani kwa ncha ya baibui. "Mume kasema. Mimi ni nani? Nilikaa nayo mwezi mzima, nikasema labda atarudi. Nikamuuzia mtu wa Korogwe. Siku ile nilipokupungia mkono nilitaka nikuulize."

Nilikaa kwenye rundo la matairi. Nikamwomba msamaha. Nikamweleza niliyoyasema kuhusu yeye shuleni. Nilitegemea aseme si kitu, kama watu wasemavyo. Hakusema.

"Najua uliyoyasema," akajibu. "Wale walimu wawili walikuwa wateja wangu. Hawakurudi. Nimekusamehe, lakini nilitaka ujue kwamba nilijua."

Nyumbani nilimkuta mume wangu sebuleni. Sikupiga kelele. Nilimuuliza kwa nini, na nilitaka kweli kujua. Alikana kwanza. Kisha akachoka kukana.

"Walikuwa wananicheka," akasema. "Pale barazani. Wanasema mke wake anajua matairi, yeye anajua kahawa. Kila siku. Weye hujui watu wanavyosema."

"Kwa hiyo ukadanganya."

"Nilikununulia matairi! Nimekuibia? Nimekupiga?" Alinyanyua mikono miwili. "Ni tairi tu. Unataka kuvunja nyumba kwa ajili ya tairi?"

Nilingoja. Nilimpa muda mrefu wa kusema neno moja, neno dogo ambalo hata yule mwanamke wa mkonge asiyenijua aliniambia: pole. Aliwasha televisheni.

Nilidai talaka, na haikuja upesi. Kwao walikuja wazee, kwetu walikuja wazee, mama mkwe akalia kwa sauti nisikie. Mdogo wangu mwenyewe aliniuliza kama baba angependa. Mwishowe mume wangu aliandika, kwenye karatasi iliyochanwa mahali, kwa mwandiko mzuri sana. Nilipanga vyumba viwili karibu na shule. Nguvumali wanasema niliachika kwa sababu ya matairi, na wanacheka. Sijawahi kuwakatalia.

Matairi niliyanunua kwa mama yule, yale yale ya majira yote, na safari hii nilimpa namba moja tu ya simu. Wiki ya kwanza yalikuwa magumu kidogo. Kona ambazo zamani nilizikata kwa kidole sasa zilitaka mkono. Kwenye lami kavu hayana utamu ule, na siku nyingine nautamani, na najichukia kuutamani. Lakini mvua ikinyesha nasikia chini yangu sauti ya maji yakikatwa na kutupwa pembeni, sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, na gari linakwenda linakoelekezwa. Ni kitu kidogo hivyo. Kilikuwepo dukani, kimeshuka kwenye lori, kinanisubiri.

Masika yaliyofuata nilikwenda Mwera siku ya mvua kubwa. Nilitoka baada ya sala ya alfajiri. Gari halikuyumba mahali popote. Kivukoni pantoni lilikuwa limefungua mlango, nikaingia bila kusimama. Saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwetu, nimezima injini chini ya upenu. Mdogo wangu alitoka na kikombe cha uji mkononi, akaliangalia gari, akaniangalia mimi.

"Umefika mapema," akasema.

Wala hakuwa na maana mbaya. Alilitambua neno baada ya kulisema, akageuka upesi kwenda kunitafutia kikombe, nami nikabaki nimeshika mlango, mvua ikinilowesha bega moja.